Bangili Huko, Sufuria Huku

Tarehe 29 Machi 1979 ndege ya kivita ya Libya, aina ya Tupolev Tu-22, ilikuja Mwanza na mabomu. Muammar Gaddafi alikuwa amempelekea Idi Amin wa Uganda askari na silaha, na sasa alitaka kuitisha Tanzania isiendelee kusonga kuelekea Kampala. Mji ulinusurika. Mabomu yaliangukia Saanane, kile kisiwa kidogo kilicho mwendo mfupi wa boti kutoka Capri Point, ambako tangu 1964 palikuwa na bustani ya wanyama. Waliokufa ni swala. Siku chache baadaye ndege za jeshi letu, JWTZ, zilijibu kwa kupiga Kampala, Jinja na Tororo, na kabla Aprili haijafika katikati Amin alikuwa ameshakimbia.

Kisa hiki husimuliwa kwa kicheko, kwamba dola zima lilituma ndege kuja kupigana na swala. Kicheko ni haki yetu, tulishinda. Linalonishughulisha mimi ni vile vipande vya bomu. Bomu hilo lingeangukia kisiwa cha mto Thames, leo kungekuwa na maduka yanayouza visu vya kufungulia bahasha vilivyochongwa kutoka kwenye ganda lake, kila kimoja na tarehe yake. Hapa kwetu mgeni anaweza kuzunguka Makoroboi, Soko Kuu na Mlango Mmoja kutwa nzima akatoka na kikapu, kinyago na doti ya kitenge bila kuonyeshwa hata pete moja ya chuma cha vita hivyo, Vita vya Kagera. Na chuma kilikuwepo. Ndege za MiG za Amin zilipiga Bukoba na Kyaka mwishoni mwa 1978 na baadhi zikadunguliwa. Vifaru, malori na maganda ya mizinga vilitapakaa kutoka Mutukula hadi Entebbe. Kwa nini basi wengine wakipata chuma cha adui wanakivaa, na sisi wa kanda ya ziwa hatukukivaa?

Tuanze na waliokivaa. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Septemba 1916 rubani wa Uingereza, William Leefe Robinson, alikiwasha moto chombo cha anga cha Wajerumani kilichoitwa SL 11, mojawapo ya yale maputo marefu ya gesi yaliyokuwa yakija London usiku kudondosha mabomu. Kilianguka Cuffley, kijiji kilicho kaskazini mwa jiji. Watu 16 waliokuwamo walikufa wote. Kulipokucha watu walimiminika kwa treni, kwa baiskeli na kwa miguu kwenda kutazama. Fremu ya SL 11 ilikuwa ya mbao, kwa hiyo moto ulipokwisha kilichobaki kwa wingi kilikuwa injini na lundo la waya. Serikali iliupa Msalaba Mwekundu waya huo, nao wakaukata vipande vidogo na kuviuza pamoja na maelezo yaliyochapishwa, ili fedha ziende kwa majeruhi.

Kiangalie kipande hicho kwa karibu. Ni waya mfupi uliopoteza mng'ao kwa moto. Haufungi mzigo, hautengenezi mtego, hauzibi hata pengo la uzio wa kuku. Thamani yake yote imo kwenye maandishi yanayosema umetoka wapi na lini. Yapoteze maandishi hayo, na mjukuu atakayerithi droo ya babu yake atautupa jalalani bila kusita.

Sasa waya mwingine, na huu ni wa ziwa letu. Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa mwaka 1896, wakaifikisha Kisumu Desemba 1901. Sambamba na reli walitandaza waya wa telegrafu. Wanandi, ambao ardhi yao ilikuwa inakatwa katikati bila kuulizwa, waliukata waya huo wakajipambia. Uliviringwa shingoni na mikononi, ukasuguliwa ukang'aa. Boliti za reli nazo zikafuliwa kuwa silaha. Serikali ya kikoloni iliita jambo hilo wizi, ikatuma askari kuadhibu mara baada ya mara, hadi msafara mkubwa wa 1905 ambamo Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa Oktoba 19 alipokwenda kwenye mazungumzo ya amani.

Weka nyaya hizi mbili kwenye meza moja. Zote zilitoka kwenye mitambo ya mtu aliyekuja kwa nguvu. Zote zilikatwakatwa zikagawanywa kwa watu wa kawaida, na kila aliyekuwa nao alijisikia ana sehemu ndogo ya ushindi. Zaidi kidogo ya miaka kumi tu inazitenganisha, na dola iliyomwaga damu kwa ajili ya waya wa Wanandi ndiyo iliyotoa waya wa Cuffley uuzwe kwa jina la huruma. Mimi sioni tofauti katika tendo. Naiona kwenye aliyeshika kalamu. Muingereza aliandika maelezo ya wa kwake, na wa Mnandi aliuandika pia, ila kwenye jalada la polisi.

Kuna jambo moja hata hivyo ambalo Mnandi alimzidi mwenzake. Waya wake ulivaliwa. Ulikuwa uzuri kwanza na kumbukumbu baadaye, na fundi aliyeuviringa hakuanza siku hiyo. Nchi zinazolizunguka ziwa hili zilikuwa na wahunzi muda mrefu kabla ya reli. Upande wa kusini, Warongo wa nchi ya Wazinza, huko Geita na Sengerema ya leo, walikuwa wakichimba mawe ya chuma, wakiyayeyusha na kufua majembe yaliyouzwa Usukumani. Jembe lililimia, likalipia mahari, likahifadhi mali. Chuma katika kanda hii kilikuwa na kazi nyingi mno kubaki kabatini.

Waingereza wenyewe walipobanwa walifikiri kama Warongo. Julai 1940, Hitler akiwa ng'ambo ya mlango bahari, serikali iliwaomba kina mama watoe sufuria zao za alumini ziyeyushwe zitengenezewe ndege. Vita vilipokwisha mkondo ukageuka. Alumini ya ndege za Kijerumani zilizoanguka Uingereza ilisubiwa kengele ndogo za mezani zenye sura za Churchill, Roosevelt na Stalin, zikauzwa kuchangia mfuko wa askari wa anga. Sufuria ikawa ndege, ndege ikawa kengele. Mwenye njaa ya chuma hukitumia, aliyeshiba hukitengenezea kengele.

Hoja hiyo ingetosha kama isingekuwapo Vietnam. Wavietnam wa Kaskazini hawakuwa wameshiba chochote, na bado walitengeneza mapambo. Askari waliokuwa msituni waliokota vipande vya bati la ndege za Marekani zilizodunguliwa, wakavikata kwa msumeno mdogo, wakachonga meno kwa tupa, wakatengeneza vitana. Juu ya kitana walichora nyota, ndege wa angani au ua, pengine jina la msichana aliyeachwa kijijini, kisha wakampelekea. Wageni waliofika Hanoi kupinga vita nao walipewa pete zilizotengenezwa kwa alumini hiyohiyo. Hanoi hadi leo kuna bwawa liitwalo Huu Tiep, katikati ya nyumba za watu, lenye mabaki ya B-52 iliyoanguka humo Desemba 1972. Hawakuyaondoa. Watoto wanakwenda shule wakiyapita.

Kitana kinanivutia kuliko pete. Pete aliyopewa mgeni ilikuwa na kazi ya kisiasa, iende ikasimulie huko itakakokwenda. Kitana kilikuwa na kazi nyumbani, kwenye nywele. Askari alichukua bati lililokuwa limekuja kumuua akalifanya jambo dogo la mapenzi, tena la kutumika kila asubuhi. Hapo ndipo kitu cha matumizi na kitu cha ukumbusho vinapokutana, na nadhani ndipo sisi tulipopakosa.

Laos wamepita njia inayofanana zaidi na yetu. Kati ya 1964 na 1973 Marekani ilidondosha zaidi ya tani milioni 2 za mabomu juu ya nchi hiyo ndogo ambayo haikuwa hata imetangaziwa vita. Katika kijiji cha Napia, mkoani Xieng Khouang, wakulima walianza kuyeyusha alumini ya mabaki ya vita kwenye tanuru la udongo na kuimimina katika kalibu za mbao na majivu. Kilichotoka ni vijiko. Vijiko vya kulia chakula, vikauzwa sokoni kwa watu waliohitaji vijiko. Havikuwa na tarehe wala jina la ndege. Watalii walipoanza kufika miaka mingi baadaye, kijiko kilekile kikaitwa ukumbusho, zikafuata bangili na minyororo ya funguo yenye maelezo, na bei ikapanda. Fundi hakubadilisha tanuru wala kalibu. Aliyebadilika ni mnunuzi.

Turudi Mwanza. Makoroboi ilipata jina lake kwa mafundi waliogeuza makopo kuwa taa za mafuta ya taa, kwa hiyo mji huu haukufundishwa na mtu kwamba takataka ya chuma ni malighafi. Lakini kwa hoja hii wa kutazamwa ni wasubu wa sufuria. Kazi yao huanza na sufuria kongwe ya mfano. Fundi huifunika kifudifudi ndani ya fremu ya mbao, akashindilia mchanga mweusi wenye unyevu kuizunguka, akanyunyiza unga laini wa mkaa ili sehemu ya juu ya mchanga isishikane na ya chini. Huinua fremu taratibu, akachomoa ule mfano, na ndani ya mchanga hubaki uwazi mwembamba wenye umbo la sufuria. Kando tanuru linanguruma kwa mkaa na kipulizio. Ndani ya chungu cha chuma kuna pistoni, vipande vya bloku ya injini, fremu za madirisha, makopo ya soda, chochote ambacho wauza skrepa wamekileta kwenye mizani. Vyote vinalegea pamoja, rangi na majina ya viwanda yanaungua, uchafu unaelea juu na fundi anaukwangua kwa kijiko kirefu. Anamimina kwa mkupuo, maana akisita sufuria itatoka na ufa. Baada ya muda mfupi anabomoa mchanga, na kilichobaki ni tupa na msasa.

Mama lishe akija kununua haulizi pistoni ilitoka gari gani. Anagonga kitako kwa kucha asikilize mlio, anapima uzito kwa mkono, anapunguza bei, anaondoka. Bati la ndege ni alumini yenye shaba kidogo, kiasi cha asilimia 4. Likiingia kwenye chungu kile pamoja na vichwa vya injini za malori, hakuna jicho litakaloweza kulitenganisha tena. MiG na Isuzu zinapika maharage yaleyale.

Kuna watakaosema hii ni dalili ya kusahau. Sikubaliani nao, na nina shahidi wa zamani kutoka Tabora. Mwaka 1916 Wajerumani, wakiwa wamezingirwa na sarafu zimewaishia, waligeuza karakana ya reli ya Tabora kuwa kiwanda cha fedha. Walipiga sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, na sarafu ndogo za heller 5 na heller 20 kwa shaba iliyookotwa, yakiwemo maganda ya risasi. Zilikuwa fedha za shida, za kununulia mahitaji ya siku ile. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia Tabora. Leo wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wanazigombania kwenye minada. Aliyezipiga hakufikiria ukumbusho hata kidogo, lakini alizigonga mwaka na herufi T ya Tabora, kwa kuwa sarafu bila alama si sarafu. Alama hiyo ndiyo iliyoziokoa na chungu cha fundi.

Serikali yetu nayo ilifuata desturi ya sufuria. JWTZ ilipoutwaa Entebbe Aprili 1979 ilikuta MiG za Amin uwanjani, nyingine zikiwa bado zinafaa. Zilizofaa ziliruka hadi Mwanza kama ngawira. Hakuna aliyeona haja ya kuziweka juu ya nguzo kwenye mzunguko wa barabara. Nafasi ya heshima mjini Mwanza ilikuja kwenda kwa sanamu ya samaki, na kwa uchumi wa mji huu samaki ana haki nayo. Linganisha na Hargeisa, Somaliland. Mwaka 1988 ndege za serikali ya Siad Barre zilipaa kutoka uwanja wa Hargeisa wenyewe na kugeuka kuupiga mji uleule. Baada ya utawala ule kuanguka, wakazi waliichukua MiG moja wakaipandisha juu ya jukwaa katikati ya mji, na chini yake wakachora picha za waliouawa. Wao ndege ile iliwapiga kutoka nyumbani kwao. Jeraha la namna hiyo huhitaji nguzo. La kwetu lilitoka ng'ambo ya mpaka, likajibiwa, na likapewa makaburi ya Kaboya wilayani Muleba, ambako wamelala askari wetu.

Kingine tulichonacho ni mdomo. Hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 2, 1978, ile ya sababu, nia na uwezo, watu wanaikariri ambao baba zao hawakuwa wamezaliwa. Makombora ya BM-21 yaliitwa Saba Saba pande zote mbili za mpaka, na jina hilo limedumu kuliko chuma chake. Jamii inayohifadhi hivyo haihitaji waya uliobandikwa kwenye kadi ili ikumbuke kwamba ilivamiwa. Kwa hiyo hukumu yangu iko upande wa sufuria. Chuma kilichokuja kuua kikiishia kupikia watoto uji, hakuna pambo linalokizidi.

Nina kasoro moja ya kuiongeza kwenye hukumu hiyo. Mdomo hufa na mwenye mdomo. Aliyekuwa na miaka 20 daraja la Kyaka lilipovunjwa vitani sasa anakaribia 70. Waliobeba vita vile mabegani wanaondoka, na ndani ya masanduku yao kuna vitu: ganda la risasi linalowekewa kalamu, kipande cha bati lililofunikiwa kisima, sahani ya jeshi la Uganda, saa iliyosimama. Visipokuwa na maandishi, mjukuu atavipeleka kwenye mizani ya skrepa kwa bei ya kilo, wala hatakuwa na kosa.

Msumbiji walionyesha kwamba inawezekana kufanya yote mawili. Kuanzia 1995 Askofu Dinis Sengulane na Baraza la Kikristo waliwapa watu majembe, cherehani na baiskeli badala ya bunduki walizozificha, na wasanii wakazikata bunduki hizo kutengenezea sanamu. Kiti cha msanii Kester, kilichoungwa kwa bunduki mwaka 2001, kiko London katika Makumbusho ya Uingereza. Mkulima alipata jembe, historia ikapata kiti. Kwa nini kiti chenyewe kiko London si swali la leo.

Sipendekezi tuanze kuchonga bangili bandia za MiG tuwauzie watalii wanaopita kwenda Serengeti. Vijana wa mjini wana akili ya biashara, na nina hakika pistoni ya Toyota ingekuwa bawa la ndege kabla ya jioni. Napendekeza jambo la chini zaidi. Kwanza usalama, maana biashara ya skrepa katika kanda hii imeua. Novemba 2017 katika shule ya msingi Kihinga, wilayani Ngara, bomu la mkono lililookotwa likidhaniwa chuma chakavu lililipuka na kuua wanafunzi watano. Kitu chochote kinachofanana na bomu, kiwe na kutu namna gani, usikiguse wala usikipime. Mwite mwenyekiti wa mtaa au polisi, nao watawaita wanajeshi.

Kwa vilivyo salama, chukua msumari na nyundo. Andika nyuma ya kitu mwaka, mahali kilipookotwa na jina la aliyekiokota. Kama hakuna tena wa kukitunza nyumbani, Makumbusho ya Wasukuma yako Bujora, Kisesa, hapo tu kwenye barabara ya Musoma, na yamezoea kazi ya wahunzi kwa sababu wahunzi wana nyumba yao ndani ya uwanja wake. Vitu vya nchi nzima vinapokelewa na Makumbusho ya Taifa. Fanyeni hivyo wakati wazee wenye majina hayo bado wanaweza kuyataja wenyewe.